Linux imekubalika mkononi baada ya kukataliwa mezani: ni kwa nini, na je, faragha imo humo?

#1 Kibatari

Habari za jioni, wakuu. Ninaleta dai moja mlipime, na atakayelivunja kwa hoja nitamshukuru.

Kwa miaka 12 hivi nimekuwa ndugu yule ambaye kila harusi na kila msiba hukabidhiwa laptopu zilizochoka “azitazame kidogo”, na kila nikikabidhiwa nimejaribu kumshawishi mwenyewe aachane na Windows ahamie Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Waliokubali ni wanne, na wawili kati yao walirudi walikotoka kabla ya mwezi mwingine kuandama. Mwaka juzi shemeji yangu anayeishi Toronto aliniletea Steam Deck iliyotumika, kompyuta ya michezo ya kushika mkononi ya kampuni ya Valve, kwa kuwa kifaa hicho hakiuzwi rasmi huku kwetu. Mpwa wangu wa kidato cha pili akakaa nacho likizo nzima. Bila kufundishwa na mtu alibonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda, akachagua upande wa kompyuta ya kawaida, akachomeka fleshi kwa adapta ya chaja yangu, akahamisha picha za mahafali na kufungua kivinjari. Nilipomwambia kuwa muda wote huo alikuwa anatumia Linux, aliniuliza kwa mshangao wa kweli: “Ndiyo ile uliyomwekea Baba ikamshinda?”

Dai langu ni kwamba watu hawakuwahi kuichukia Linux, walichukia kuisakinisha. Ukiwapa kifaa ambacho mfumo umeshawekwa na kila kitu kinafanya kazi, hawaulizi hata jina lake. Nyongeza ya dai hilo ni kwamba anayehama namna hiyo hupata faragha bila kuitafuta, kwa sababu ameondoka kwenye mfumo ambao mwaka 2024 ulitangaziwa Recall, huduma ya kuipiga picha skrini yako kila baada ya muda mfupi ili baadaye uweze kutafuta ulichowahi kukiona. Nawasilisha.

#2 MwanaPwani

Ahsante kwa uzi, Kibatari, ingawa umeshika mkia ukamwacha ng'ombe.

Kilichobadilika si usakinishaji. Kilichobadilika ni kwamba michezo ya Windows sasa inafunguka bila Windows. Mradi wa Wine, wa kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ulianza mwaka 1993, na kwa miaka mingi kuutumia kwa michezo kulikuwa sawa na kuchanja kuni kwa wembe. Agosti 2018 Valve ilitoa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa vipande vingine, kikubwa kikiwa DXVK, kinachopokea amri za picha zilizoandikwa kwa Direct3D na kuzigeuza kuwa amri za Vulkan, ambazo kadi ya picha inazielewa ukiwa ndani ya Linux. Steam Deck ilipotoka tarehe 28 Februari 2022, kazi hiyo ilikuwa imeshapigwa msasa kwa miaka mitatu na nusu. Bila Proton, mpwa wako angekuwa ameshika kioo kizito cha kujitazamia.

#3 Chaja_Mbovu

Naomba kueleweshwa, wakuu. Kama Proton ni emuleta, kwa nini michezo haiwi mizito kama ile ya PlayStation 2 tunayoilazimisha kwenye laptopu zetu? Halafu SteamOS, ule mfumo wa Steam Deck, si Debian tu, yaani Linux ya siku zote, iliyopakwa rangi?

Vilevile, Kibatari, mpwa wako ameshakupita. Mkabidhi na zile laptopu za misibani.

#4 Nahodha_wa_Kerneli

Chaja, una makosa mawili na utani mmoja sahihi.

Emuleta hujifanya mashine nyingine. PlayStation 2 ilikuwa na prosesa ya aina yake, kwa hiyo kompyuta inayoiigiza hulazimika kufuata kila hatua ya prosesa hiyo kwa lugha isiyo yake, na ndiyo maana feni ya laptopu yako inalia. Wine haifanyi hivyo. Prosesa ni ya aina ileile, na maelekezo ya mchezo huenda kwake moja kwa moja. Kinachotafsiriwa ni maombi ambayo mchezo unayapeleka kwa mfumo, kama vile “nifungulie faili hili” au “nichoree pembetatu hii”. Mfikirie mkalimani wa mahakamani: shahidi anatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kizimbani, na mkalimani hufungua kinywa pale tu hakimu anapouliza.

Kuhusu Debian, ulikuwa sahihi zamani. SteamOS ya kwanza, ya mwaka 2013, ndiyo iliyojengwa juu ya Debian. Toleo la 3, lililomo ndani ya Steam Deck, limejengwa juu ya Arch Linux, na upande wa mezani ni KDE Plasma. Hapo hapo ndipo dai la Kibatari linapopata ufa. Mwaka 2015 wazalishaji kadhaa waliuza kompyuta za sebuleni zilizoitwa Steam Machine, zikiwa na SteamOS iliyosakinishwa tayari. Hakuna aliyetakiwa kusakinisha chochote, na bado zilidoda madukani.

Nimalizie na simu ya Android iliyo mfukoni mwako: nayo inaendeshwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia mashine nzima. Mkononi Linux ilishakubalika zamani, na sijasikia mtu akiisifia Android kwa faragha.

#5 Kibatari

Nimepokea. Steam Machine nilikuwa nimeisahau kabisa, na narekebisha dai langu liseme: mfumo uliosakinishwa tayari na wenye michezo. La Android silikubali kirahisi, kwa sababu tunaposema Linux hapa jukwaani hatumaanishi kerneli peke yake, bali pamoja na ule uhuru wa kufungua boneti na kutazama ndani.

#6 MwanaPwani

Ukishasema “na wenye michezo”, umeshavuka kuja upande wangu. Karibu kahawa.

#7 Dada_wa_Zamu

Nyote mnaongea kama watu wenye muda. Mimi ni muuguzi hapa Muscat, na muda wangu wa kucheza ni dakika 20 za basi la wafanyakazi kwenda na nyingine 20 za kurudi. Kabla ya Steam Deck nilikuwa na kifaa cha kampuni nyingine, ambayo sitaitaja, chenye mfumo mwingine na prosesa yenye nguvu zaidi. Siku moja nilikilaza kikiwa na chaji asilimia 80, nikakitia mkobani. Nilipokitoa baada ya zamu kilikuwa cha moto kama pasi, kimebakiwa na asilimia 11, kwa sababu kiliamka chenyewe gizani na kuanza kusasisha mambo yake. Kwenye Steam Deck nabonyeza kitufe katikati ya mapigano, upanga ukiwa hewani. Nikibonyeza tena baada ya saa 12, upanga unashuka.

Kwangu hiyo ndiyo sababu, na inatokana na kitu ambacho hamjakitaja: waliotengeneza mfumo walikuwa na kifaa kimoja tu mbele yao. Skrini ni ya inchi 7 yenye pikseli 1280 kwa 800, chipu ni ya AMD inayokula wati 15 kwa upeo, na betri ni ya wati-saa 40. Hata ile ya OLED ya Novemba 2023 iliongeza betri hadi wati-saa 50 na kuifanya skrini kuwa bora bila kubadilisha tabia ya kifaa. Linux ya laptopu hulazimika kubahatisha umenunua nini. Hii inajua kila skrubu iliyomo.

#8 Nahodha_wa_Kerneli

Hoja ya dada ina uzito, lakini inapungua kila mwaka. Mwaka 2025 Lenovo ilianza kuuza Legion Go S yenye SteamOS, na majaribio yaliyochapishwa katikati ya mwaka huo yalionyesha michezo kadhaa ikitoa fremu nyingi zaidi chini ya SteamOS kuliko chini ya Windows kwenye kifaa hicho hicho. Kuna pia Bazzite, Linux nyingine ya michezo iliyojengwa juu ya Fedora, ambayo watu wanaiweka kwenye vifaa vya kila chapa. Kama siri ingekuwa kifaa kimoja tu, mambo hayo yangetushinda.

#9 Mzee_wa_Mtumba

Wanangu, nina meza Kariakoo ya laptopu zilizotumika zinazopitia Dubai, na ninaona watu wengi zaidi kwa wiki moja kuliko mnavyoona ninyi kwa mwaka.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Na meza yangu imejaa kizazi cha 6 na cha 7, mashine nzima zisizo na kosa lolote isipokuwa umri. Ziko njia za mkato za kuweka Windows 11 hata humo, lakini mimi simuuzii mtu kitu kitakachomgeukia siku ya sasisho. Naweka Linux Mint, nampa mteja akae nayo robo saa, aamue.

Katika robo saa hiyo naulizwa maswali matatu, karibu kila mara kwa mpangilio huuhuu. Je, itafungua Word? Je, printa itakubali? Je, mwanangu atacheza mpira? La kwanza nalijibu kwa kufungua LibreOffice na barua yake mwenyewe. La pili namwomba Mungu. La tatu najibu hapana, kwa sababu EA Sports FC ina ulinzi dhidi ya udanganyifu usiofanya kazi ndani ya Linux, na hapo mzazi huirudisha laptopu mezani kama aliyeshika sufuria ya moto.

Swali la faragha sijaulizwa na mteja hata mmoja. Kwa hiyo, Kibatari, mimi nadhani jambo ni dogo kuliko mnavyolifanya: laptopu inaombwa mambo mia, na ikikosea moja inaitwa mbovu, ilhali kidude cha gemu kinaombwa jambo moja tu, nacho kinalifanya.

#10 Chaja_Mbovu

“La pili namwomba Mungu.” Mzee, printa yangu ina Windows halali na bado namwomba.

#11 Tumbiri

Naomba turudi kwenye nyongeza ya mleta uzi, kwa kuwa ndiyo iliyonileta hapa. Kusema kwamba anayeshika Steam Deck amepata faragha ni sawa na kusema kwamba aliyehama nyumba ya kupanga amehama na majirani. Programu ya Steam yenyewe, yaani duka la michezo la Valve, ni ya chanzo kilichofungwa, msimbo wake hauonekani na watu wa nje. Inajua umecheza nini, kwa saa ngapi, kwenye kifaa gani, na umelipa kwa kadi ipi. Linux iliyo chini yake ni sakafu safi ndani ya duka la mtu.

Kisa changu ni kifupi na cha aibu. Desemba moja nilimwambia mke wangu kwamba niko kwenye kikao cha kufunga mwaka. Shemeji yangu, ambaye tumo pamoja katika orodha ya marafiki, aliliona jina langu likiwa na rangi ya kijani na jina la mchezo chini yake, akampelekea dada yake picha. Hakuna aliyenidukua, na sina wa kumlaumu. Mpangilio wa kujificha upo, sikuuwasha. Tangu Aprili 2018 orodha ya michezo ya mtu haionyeshwi kwa umma bila yeye kuruhusu, lakini shemeji si umma.

Isitoshe, tangu Oktoba 2024 duka hilo linakuandikia waziwazi kwamba unachonunua ni leseni ya mchezo na si mchezo wenyewe, kufuatia sheria ya jimbo la California. Anayetaka mchezo anaoweza kuuweka kwenye diski yake na kuufungua bila kumwomba mtu ruhusa aende duka la GOG.

#12 Chaja_Mbovu

Kikao kilifungwa saa ngapi, mkuu?

#13 Tumbiri

Kilifungwa papo hapo, na cha nyumbani kikafunguliwa.

#14 Nahodha_wa_Kerneli

Niongeze juu ya Tumbiri, maana hata sakafu yenyewe si safi kwa amri ya Mungu. Oktoba 2012, Ubuntu 12.10 ilikuja na utafutaji ambao, ukiandika jina la faili lako, neno hilo lilipelekwa kwenye seva za Canonical, kampuni inayoitoa Ubuntu, na kurudi na bidhaa za Amazon. Kelele zilikuwa kubwa, Richard Stallman akauita waziwazi upelelezi, na ilichukua hadi toleo la 16.04 ndipo ukazimwa bila mtumiaji kuombwa auzime. Na hii ni Linux iliyobeba neno la Kibantu lenye maana ya utu!

Kisha kuna kisa cha xz cha Machi 2024. Mtu aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili ndani ya mradi mdogo wa kubana faili alipachika mlango wa siri ambao ungefungua mashine nyingi duniani kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Aliyeugundua, Andres Freund, aliona tu kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Wapenzi wa Linux hupenda kusema kwamba chanzo huria kilituokoa, na ni kweli, kwa sababu aliweza kuufuata uzi hadi mwisho wake. Lakini wakumbuke pia kwamba Freund ni mhandisi wa Microsoft.

#15 Kibatari

Nusu sekunde! Mimi huwa nasubiri laptopu za misibani dakika sita ziwake na sishuku kitu.

Nakubali kwamba niliandika “hupata faragha” kwa urahisi mno. Hata hivyo nashikilia kwamba kuna tofauti kati ya mfumo ambao kosa lake linaweza kufuatiliwa na mtu yeyote mwenye subira na mfumo ambao unatakiwa uuamini tu.

#16 MwanaPwani

Mzee wa Mtumba aligusa jambo kubwa kisha akalipita: ule ulinzi dhidi ya udanganyifu. Nadhani ndiko faragha na michezo zinakogongana uso kwa uso.

Programu ya kawaida hukaa sebuleni. Ulinzi wa namna hii huomba ufunguo wa chumba cha kulala, yaani huendeshwa ndani ya kerneli, mahali ambapo unaweza kuona kila kitu kinachofanywa na programu nyingine. Ule wa mchezo wa Valorant, unaoitwa Vanguard, huanza tangu kompyuta inapowashwa hata kama siku hiyo hutacheza. Linux haina namna ya kumhakikishia mwenye mchezo kwamba kerneli hiyo haijaguswa, kwa sababu kuigusa ndiyo haki yako ya kwanza. Mwaka 2021 watengenezaji wa ulinzi wa namna hiyo, Easy Anti-Cheat na BattlEye, walitangaza kwamba wanaweza kufanya kazi kupitia Proton, ila uamuzi ukabaki kwa mwenye mchezo. Baadhi waliruhusu. Wengine waliruhusu wakageuka: mwishoni mwa Oktoba 2024 Apex Legends ilifungiwa Linux nzima, ikiwemo Steam Deck, na Electronic Arts wakaeleza kwamba mfumo huo umekuwa njia ya wadanganyifu.

Anayedhani hatari ya chumba cha kulala ni nadharia akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Sasisho moja bovu la CrowdStrike, programu ya usalama inayokaa ndani ya kerneli, liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft yenyewe, na ndege zikabaki chini. Hao walikuwa walinzi wa kweli wenye nia njema, sembuse walinzi wa gemu.

#17 Kipa_Namba_Moja

Mimi niko Mbagala na nacheza mtandaoni kila usiku, kwa hiyo niruhusuni niwe mpinzani. Ninyi mnaongea juu ya faragha ya kerneli. Mimi naongea juu ya mtu anayeniona nyuma ya ukuta kwa programu aliyoinunua, ananipiga risasi kabla sijageuka, na ananitukana kwa mama. Nikiambiwa nichague kati ya mlinzi anayechungulia chumbani kwangu, ambamo hamna kitu zaidi ya kazi za chuo, na usiku mzima wa kuchezewa, nitampa mlinzi ufunguo na chai juu yake.

Na kwa swali la mwanzo, mbona hakuna aliyetaja bei? Toleo la chini la Steam Deck lilianza kwa dola 399, na michezo hupunguzwa bei mara nne tano kwa mwaka hadi kufikia dola tatu au mbili. Weka hapo kompyuta ya mezani ya nguvu hiyo, skrini yake, na kukatika kwa umeme. Watu hawakuichagua Linux, walichagua kifurushi wanachoweza kukilipia, na Linux ikawa ndani yake kama chumvi ndani ya mkate.

#18 MwanaPwani

Kipa, nakuelewa, ila wadanganyifu wamejaa hata kwenye michezo yenye walinzi hao, na wewe mwenyewe umesema anakuona nyuma ya ukuta. Ufunguo umeshautoa, mwizi bado yumo.

#19 Kipa_Namba_Moja

Yumo mmoja badala ya kumi, mkuu.

#20 Mwl_Ngano

Salamu kutoka Iringa. Nasikitika kuona uzi mzima unakwenda kwa Steam Deck kana kwamba ndiyo pekee. Mimi nina kidude cha Kichina chenye ukubwa wa kadi za karata, nilichokipata kwa chini ya dola 100, chenye skrini ya inchi 3.5 na michezo ya enzi za Game Boy na PlayStation ya kwanza. Ukikiunganisha na kompyuta na kufungua kadi yake utaona ni Linux tupu na RetroArch, programu ya kuchezea michezo ya zamani, juu yake. Hakina akaunti, hakina kamera, hakina kipaza sauti, na changu hakina hata Wi-Fi. Mkitafuta faragha ndani ya michezo, nadhani ndiyo hiyo: kifaa kisichojua kwamba kuna intaneti.

Sikifanyi malaika. Kadi ya kumbukumbu iliyokuja nacho, isiyo na jina la mtengenezaji, ilikufa mwezi wa nne pamoja na safari yangu nzima ya kumaliza mchezo niliouanza nikiwa darasa la saba; anayenunua ahamishie kila kitu kwenye kadi nzuri siku ya kwanza. Kadi hizo pia hujazwa nakala za michezo ambazo muuzaji hana haki nazo, na wenye haki hawalali: Machi 2024 watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kufunga mradi. Tena wako wauzaji wanaotumia kerneli ya Linux bila kutoa chanzo cha mabadiliko yao, ingawa leseni ya GPL inawadai hivyo. Wanakula matunda na kuufungia mti uani.

Kwa faida ya vijana, Linux na Kiswahili si wageni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Wakati huo tulisema kikwazo ni lugha. Kibatari leo anasema ni usakinishaji.

#21 Dada_wa_Zamu

Mwalimu ametaja kadi, nami nitoe onyo kabla sijasahau. Kijiti cha kushoto cha Steam Deck yangu kilianza kutembea chenyewe, nikaagiza kipuri iFixit, ambako huuzwa rasmi, na kukibadilisha mezani jikoni. Mgongo wa kifaa unashikwa na skrubu nane, nne ndefu na nne fupi, zisichanganywe. Nilizitoa zote, nikapenyeza kipande cha plastiki kwenye ukingo, nikavuta, nikasikia mlio kama wa kuvunja njiti ya kiberiti. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa bado imo kwenye tundu lake, na tundu hilo limepita kwenye ganda. Ukifungua bila kuitoa, ganda linaikata vipande viwili. Maelekezo yanasema hivyo kwenye mstari wa kwanza kabisa. Mimi nilianzia wa pili.

#22 Mzee_wa_Mtumba

Binti, pole. Mafundi wangu wawili wamefanya hivyo hivyo, na wote wanajua kusoma.

#23 Tumbiri

Pole, dada. Narudi kwenye faragha kwa mara ya mwisho, maana naona kila mtu analinda dirisha dogo. Mtu anafuta Windows kwenye laptopu, anaweka Mint, anavaa Firefox yenye kila kizuizi, kisha anaweka pembeni simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole, yenye miamala yake yote ya pesa, mahali alipo kila dakika, na programu ya mikopo iliyoomba orodha ya majina yote ya simu ikapewa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, lakini sheria hukuta umeshabonyeza “Kubali”. Hata VPN, ambayo wengi huku waliikimbilia, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa taarifa Oktoba 2023 ikiwataka wanaoitumia waitolee taarifa. Ukilinganisha na hayo, duka la gemu kujua kwamba nilicheza saa 140 ni jambo dogo.

#24 Chaja_Mbovu

Saa 140 ni vikao vingi sana vya kufunga mwaka.

#25 Nahodha_wa_Kerneli

Tumbiri yuko sahihi kuhusu simu, ila hoja hiyo ikisukumwa sana inakuwa kisingizio cha kutofunga mlango wowote kwa kuwa kuna dirisha. Na kwa rekodi, takwimu za hiari za Steam za Oktoba 2025 ziliipa Linux zaidi kidogo ya asilimia 3 ya watumiaji. Windows bado iko zaidi ya asilimia 90. Tunajadili sababu za ushindi ambao haujafika.

#26 Kibatari

Ahsanteni nyote. Nimerudi na habari isiyonifurahisha. Jioni hii mpwa wangu, yule yule, ameniuliza kama inawezekana kuweka Windows kwenye Steam Deck, kwa sababu wenzake shuleni wanacheza EA Sports FC na yeye amebaki anawaangalia. Nilimweleza habari za kerneli na ufunguo wa chumba cha kulala kwa mfano wa MwanaPwani, akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akauliza tena kama inawezekana. Je, kuna aliyewahi kuiweka kwenye kadi ya kumbukumbu ili SteamOS ibaki salama kwenye diski ya ndani?

#27 Mzee_wa_Mtumba

Inawezekana, na Valve wenyewe wanatoa draiva za Windows za kifaa hicho, ila kwenye kadi itakuwa inajikokota. Ukiona imekushinda mlete Kariakoo Jumamosi, tumbadilishie diski ya ndani iwe kubwa, igawanywe kwa mifumo yote miwili.

#28 Dada_wa_Zamu

Kibatari, mkifungua ganda, mtoe kadi kwanza.